Kamba Isifike Peke Yake

Wajukuu wangu, na ninyi wasichana wa kartie, mutaa wetu huu, munaokujaka kukaa kwenye baraza yangu mukisingizia kuniletea maji, nimesikia mupango wenu. Moto, zile pikipiki, hazipite tena kwenda Salamabila ju ya matope, motari wanaoziendesha wanaomba bei ya kichaa, basi munasema mutatembea na miguu, mubebe mafuta mugongoni kama zamani mimi Koko, bibi yenu Mwamini, nilivyobebaka. Na jana Furaha akanyoosha mukono kwenye ukuta wangu, akataka kuondoa ile kamba ya zamani ili ajaribu kichwani. Nilimupiga kofi. Alilia, na hakuelewa. Mama yake, Riziki, alikuwa pale, akatoka nje.

Ninaandika ju ya ile kofi. Riziki hawezi kuyasema haya, na mimi nikiyasema kwa kinywa munanikata maneno kila mara. Nilisoma mpaka darasa ya tatu primeri tu, kwa hiyo herufi zangu zinatembea kama kuku kwenye matope. Mutasoma vile vile.

Kazi yangu ilikuwa mugongo. Tulitoka hapa Kasongo na mafuta ya mawese, chumvi na sabuni, tukapita Lusangi, tukaingia milima, tukaenda kuuzia wachimbaji wa dhahabu Salamabila. Wale hawabishanake bei sana, maana hawajui kama shimo litawaacha watoke kesho. Mara ingine tuligeukia Wamaza ama Kabambare kwa kuchukua karanga na mupunga. Kitunga kinakaa mugongoni, kamba inapita kwenye paji la uso. Mutu asiyejua anafikiri mabega njo yanabeba. Hapana, ni shingo. Angalieni paji langu, pale iko bonde, weka kidole utaona kinalala. Babu yenu, Mungu amurehemu, alikuwa anasema alinioa nikiwa na uso sawasawa, halafu akaona mutaro unachimbika mbele ya macho yake na dhahabu haitoke.

Aliyenifundisha ni Mama Atosha, wa kabila la Wabangubangu kule Kabambare. Alikuwa mufupi, miguu yake mipana kama majembe, na alivuta sigara akigeuza upande wa moto ndani ya kinywa. Siku ya kwanza alikuja kwenye kitunga changu, akakiangalia, akakipindua chini mbele ya watu wote.

«Nani alikupangia hivi? Adui yako?»

Nilikuwa nimeweka bidoni, yale madumu ya mafuta, chini, sabuni na chumvi juu. Niliona haya, nikasema mama yangu njo alinipangia.

«Basi mama yako hakupendake. Kizito kinakaa juu, karibu na shingo. Kikikaa chini kitakuvuta nyuma kama mulevi anavuta muke wake sokoni. Panga tena.»

Nikapanga tena. Akapindua tena. Jua lilikuwa juu wakati tuliondoka, na wanawake wengine walinichukia ile siku nzima.

Mengine alinifundisha njiani, kwa matusi. Kupanda mulima hakuui mutu, kushuka njo kunaua. Ukishuka, tembea upande upande, fimbo itangulie, usiamini jani lililolala kwenye udongo mwekundu, chini yake iko sabuni ya Mungu. Usikae chini kabisa na muzigo, hautasimama. Tafuta ukingo ulio sawa na matako, egemeza kitunga pale, kamba ilegee kidogo, pumua. Sapatu za plastiki zinakata vidole kwenye mulima, vua. Ukikaribia kijiji, vaa, ili watu wasikuzarau. Kwenye muto kunywa kidogo, ramba chumvi kidogo, usicheze na maji baridi wakati magoti bado iko moto. Mimi ni Mwislamu, nilisimama kusali, naye Mukristo alinichungia kitunga. Mawingu yakikusanyika alinipigia kelele: «Ongea naye mbio! Anakuona toka asubuhi!»

Lakini somo lake kubwa ni lile ninyi hamukupata, na ni kosa langu na la mama yenu wote wawili kwa kunyamaza. Kamba isifike nyumbani peke yake.

Musikie vizuri. Mwanamuke wa kitunga akifia njiani, tulimuzika palepale, kwenye kijiji cha karibu, siku ileile. Muzigo wake tuligawana, tukaubeba, tukauuza kwa ajili ya watoto wake. Halafu kamba yake inarudi. Mumoja wetu anatangulia wenzake, bila muzigo, bila kitunga, kamba iko mukono wa kuume. Hasalimie mutu, na mutu hamusalimie. Anakwenda mpaka mulango wa marehemu, anaitoa. Basi. Hapo matanga yanaanza. Ju ya hiyo, mwanamuke muzima hakushikaka kamba mukononi ndani ya muji. Ukirudi na kitunga kitupu, kamba unaizika ndani, unafunika na kikwembe chako cha kujifunga.

Fundi mumoja wa baisikeli hapa Kasongo hakulijua hilo, ama alilisahau. Muke wake alitembeaka nasi. Tukiwa tunarudi, kamba yake ilikatika kule Lusangi. Bwana alikuwa amekuja kumupokea, akamwambia: wewe lala hapa kwa shangazi yako, mimi nitaipeleka kwa musukaji, utakuja kesho na wenzako. Njiani baisikeli ikatoboka. Kwa hiyo bwana akaingia kartie akitembea pole pole, kichwa chini ju ya uchovu, kamba mukononi. Wanawake wakamuona. Kuuliza ni mwiko. Wakaanguka chini, wakalia. Fundi akaona kartie yote inalia, akafikiri ni mukubwa fulani amekufa, naye akaanza kulia. Hakuuliza mutu, na mutu hakumuuliza. Wakamukalisha kwenye mukeka, wakanyoa kichwa chake, wakachinja.

Kesho yake muke akafika, akasimama mulangoni.

«Nani amekufa?»

Mutu mumoja akajibu na nyama bado iko kinywani: «Wewe.»

Akaangalia sufuria. «Na kuku wangu?»

«Nao.»

Tulicheka ile habari miaka. Mama Atosha hakucheka. Alisema kamba si kitu cha kuchezea, na yule fundi ana bahati kwamba Mungu hakusikia.

Sasa ile njia yenyewe. Ninyi munaijua na simu tu, mustari kwenye kioo. Ni ya zamani kuliko simu na kuliko Wabelgiji. Ni njia ya pembe za tembo na ya watumwa. Vijiji vya juu, vile vyenye matofali mekundu yanayoanguka na musikiti mudogo wenye bati la kutu, vilianza kama malalo ya misafara. Wazee wetu wa Kasongo walipita pale wakivaa kanzu nyeupe, na watu wa akina Mama Atosha walipita wakifungwa shingo. Kuna mulima mumoja mbele ya Lusangi, mukali, wenye mawe meusi. Kila tulipoufikia alisimama, akatema mate.

«Hapa mama ya nyanya yangu aliangushwa chini ya pembe,» alisema. «Na labda babu yako wewe njo alishika fimbo.»

«Labda,» nilimujibu. Ningesema nini?

«Basi beba hii.» Na alinitupia bidoni yake moja mpaka juu. Kila safari. Sikukataaka. Kwenye kilele alinirudishia, tukala muhogo pamoja.

Feza alikuja kwetu wa kitunga wakati mume wake alikufa. Ninyi hamukumuona, lakini Furaha, kicheko chako ni chake, kinaanza kabla ya neno kuisha. Alikuwa na mutoto mumoja, Riziki, mama yenu, mudogo wakati ule, meno ya mbele yameng'oka. Feza alikuwa na nguvu ya punda na hakujua kunyamaza. Alipanda mulima akiimba, sisi tukamutukana tukikosa pumzi.

Kamba yake aliisuka yeye mwenyewe, maganda ya muti yaliyolowekwa na kupondwa vizuri. Ilipokuwa inakauka, Riziki alikata kipande cha kikwembe chekundu cha mama yake, akakiingiza ndani ya musuko, akafunga fundo, upande wa sikio la kushoto. Fundo la mutoto, limepinda. Mama Atosha akaliona, akakasirika.

«Toa hiyo. Kitambaa kinanyonya jasho, kitaozesha kamba. Na fundo litakula ngozi.»

«Liache,» Feza akasema.

«Utatoka damu.»

«Mimi njo nitatoka, Mama Atosha. Wewe unavuta moto kwa kinywa, nani alikukataza?»

Na ni kweli lile fundo lilimukwaruza. Aliweka jani chini yake, akaenda.

Halafu vita vikaja upande wetu. Sitataja nani na nani, walibadilisha majina kama watu wanabadilisha mashati, na sisi kwao tulikuwa ni walewale. Tungekaa nyumbani? Watoto wanakula kila siku, hata siku ya vita. Tulitembea.

Ilikuwa muchana, jua kali, tuko karibu kumaliza ule mulima wa mawe meusi. Walitoka ndani ya majani marefu, bunduki mbele. Hawakutaka mafuta. Walitaka wabebaji. Wakatupanga mustari, wakaangalia miguu yetu, wakaminya mashavu ya miguu yetu kama mutu anayechagua mbuzi. Mama Atosha wakamusukuma kando, ni muzee. Mimi nilikuwa na mimba, tumbo mbele, wakanisukuma. Walichagua Feza na wasichana wawili wa Lusangi waliotufuata njiani. Wakasema: tua.

Feza akatua kitunga chake pembeni ya njia, pole pole, bila kumwaga hata tone. Akatoa kamba kichwani, akaiweka juu ya bidoni. Wakamupa gunia na kamba ya nailoni, ile nyembamba inayokata. Akaniangalia.

«Mwamini,» akasema, «mafuta ni ya Riziki.»

Hakusema kingine. Mumoja alimupiga mugongoni na kitako cha bunduki, wakaingia majanini.

Tulilala kifudifudi mpaka ndege walipoanza tena kulia. Mama Atosha aliinuka kwanza.

«Njia hii imekumbuka kazi yake,» akasema. Halafu akachukua kamba ya Feza juu ya kitunga, akaninyooshea. «Shika. Wewe njo rafiki yake. Geuka, urudi Kasongo, uipeleke mukononi.»

«Umeona maiti?»

«Nimeona njia anayopelekwa. Hakuna aliyerudi.»

«Nimekuuliza kama umeona maiti.»

«Mwamini, mutoto atakaa mulangoni. Atangojea. Unajua kungojea ni nini? Mutoto mwenye matanga analia, anamaliza, anakula. Mutoto anayengojea hamalizi.»

Alisema kweli. Mpaka leo ninakubali kwamba alisema kweli. Lakini nilifikiri pia ju ya shemeji ya Feza, kaka ya marehemu mume wake, aliyekuwa anazunguka ile parseli yao, kiwanja na nyumba, kama mbwa anazunguka jiko. Kamba ikifika, Feza ni maiti. Nyumba ni ya shemeji, na Riziki anapelekwa kwa wake za shemeji kufua nguo mpaka aolewe. Kamba isipofika, Feza ni mutu aliye njiani, na nyumba ya mutu aliye njiani haiguswe.

Nilitoa kamba yangu kichwani, nikaitia ndani ya kitunga. Nikavaa ya Feza. Wanawake wakagawana mafuta yangu, mimi nikabeba ya Riziki. Fundo lilikaa palepale karibu na sikio, na kabla ya kilele nilianza kutoka damu.

«Kamba inayobeba haijafika popote,» nikamwambia Mama Atosha.

Alitema mate, akatangulia. Tukaenda Salamabila, tukauza, maana mafuta hayangojake machozi ya mutu. Tukarudi na mupunga.

Riziki alikuwa anangojea pale njia inapoingia muji, kama kila mara. Aliona kitambaa chekundu toka mbali, akakimbia akicheka na lile pengo la meno. Akafika karibu. Akasimama.

«Mama iko wapi?»

«Iko njiani.»

«Kwa nini wewe umevaa kamba yake?»

«Ili isikauke. Kamba isipobeba inapasuka.»

Alinitazama sana. Halafu akashika mukono wangu, tukaenda kwangu, na toka siku ile hakulala tena nyumba ingine mpaka alipoolewa.

Shemeji alikuja kabla ya mwezi kuisha, amevaa kanzu safi, na wazee wawili nyuma.

«Mama Mwamini, tumesikia. Mulete kamba, tumalize matanga ya mwenzetu kwa heshima.»

Kamba ilikuwa kichwani pangu, nilikuwa ninapanga kitunga cha safari. Nilisimama nayo na muzigo wote.

«Kamba hii unayoiona? Iko kazini. Maiti anabebaka mafuta?»

«Usicheze na mambo ya watu.»

«Basi wewe uende pale mulimani ukamutafute mwili. Njia unaijua? Nitakuonyesha. Tunaondoka sasa hivi, beba bidoni mbili, utanisaidia.»

Wazee wakaangalia chini ili wasicheke. Shemeji akaondoka. Alirudi mara nyingi, na kila mara kamba ilikuwa kichwani. Mwisho alizeeka, akafa kabla ya kuipata ile parseli. Nyumba munayolala ndani yake, ninyi watoto wa Riziki, njo ile. Munafikiri kuta zake zinasimamishwa na miti.

Nilitembea na ile kamba miaka mingi. Sikuwa nasema kitu. Niliingia na kitambaa chekundu kichwani kila kijiji, kila malalo, Lusangi, Wamaza, Kabambare, kwenye vibanda vya wachimbaji, nikageuza sikio la kushoto kwa watu. Mwenye habari angeona. Kitambaa kilipoteza rangi, kikawa kama udongo, lakini fundo lilibaki limepinda vilevile. Kamba ilipochoka niliisukia maganda mapya pembeni, fundo sikuligusa. Moto zikaja, na simu, na wasichana wakaacha kitunga. Tulibaki wazee wachache, tunapishana na motari wanaotupigia honi.

Mama Atosha alikufa kwake, kitandani, kitu alichokiona kama aibu. Nilikwenda kumuaga. Alifungua jicho moja.

«Bado unavaa ile kamba ya maiti?»

«Bado.»

«Kichwa chako ni jiwe.»

«Wewe njo ulikifundisha kubeba.»

Akafunga jicho. Nilifikiri amelala.

Na Riziki? Alikua, akaolewa, akazaa ninyi. Hakuniuliza tena habari ya mama yake. Lakini siku moja nimerudi kutoka Wamaza, alikuwa ananisaidia kutua kitunga, akasema bila kuniangalia:

«Mama, unajua mimi sionake uso wako ukirudi?»

«Kwa nini?»

«Ninaangalia mukono wako kwanza. Toka mudogo. Ukiwa mutupu, ndiyo ninapandisha macho. Nimechoka.»

Nilienda kuoga.

Safari yangu ya mwisho sikujua kama ni ya mwisho. Magoti yalikuwa yanalia, nilipanda ule mulima nikipumzika kila ukingo. Juu, kwenye kijiji cha matofali mekundu, karibu na musikiti wa bati, nilikuta mwanamuke anauza muhogo wa kuchemsha. Alikuwa mugeni pale. Vidole vya mukono mumoja vilikuwa vimekunjika, havifunguki. Nilimunyooshea sahani yangu. Hakuchukua. Alikuwa anaangalia sikio langu.

«Mama,» akasema, «hilo fundo alifunga mutoto?»

Nilikaa chini. Na muzigo, chini kabisa, kitu ambacho Mama Atosha alinikataza.

«Umelijua wapi?»

«Sijaliona hata siku moja. Nimelisikia. Mama ya huyo mutoto na mimi tulikuwa pamoja kule, tunabebea watu wa bunduki. Kamba zao zilikuwa za nailoni, zinakata mpaka mufupa. Kila walipotupakiza, yeye alisema: kamba yangu iko na kitambaa chekundu hapa kwa sikio la kushoto, mutoto wangu alifunga vibaya, inanikwaruza, ningekuwa nayo leo ningecheka. Alisema hivyo kila siku. Tulimwambia anyamaze.»

«Hakujua kunyamaza,» nikasema.

«Hapana. Hakujua.»

Halafu akaniambia mengine. Muguu wa Feza ulivimba, akashindwa kusimama, wakamuacha kwenye kijito. Yeye na mwenzake mumoja wa kule walirudi kwa siri na kumufunika kwa mawe ili wanyama wasimuguse. Ilikuwa zamani, wakati Riziki wangu bado alikuwa anangojea kwenye njia na pengo la meno.

«Kabla hajaisha,» mwanamuke akasema, «aliniuliza kama mafuta yalifika. Mimi sikuwa na habari ya mafuta yoyote. Nilimujibu yalifika.»

«Yalifika,» nikamwambia. «Haukudanganya.»

Nilimuomba anionyeshe. Tulikwenda wawili. Ni mbali na njia, chini, ndani ya miti. Mawe yalikuwa yameota kijani, lakini yamepangwa na mikono ya watu, mutu anaona. Nilisali. Yeye ni Mukristo, alinichungia kitunga. Sikulia pale. Nilitoa kamba kichwani, na paji langu lilisikia baridi, kama mutu aliyevuliwa nguo.

Mafuta yote nilimuachia yule mwanamuke, na kitunga. Nikageuka na kamba mukono wa kuume.

Nilifikiri watu wamesahau. Hawakusahau. Kwenye vijiji vya mulima wanawake waliweka majembe chini, wakasimama kando. Lusangi watoto waliitwa ndani. Kwenye muteremuko motari mumoja, kijana mwenye lineti za jua machoni na muziki mukubwa, aliniona, akazima mashine, akashuka, akaishika moto yake kimya mpaka nilipopita. Sikujua mama yake ni nani. Mutu alimufundisha.

Nilifika Kasongo muchana. Riziki alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Muchi uko juu. Akaangalia mukono wangu.

Muchi ulishuka pole pole, akaulaza kando ya kinu, sawasawa, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Hakupiga kelele. Majirani walikuwa wameisha kuanguka chini kwenye njia, wanalia, yeye alikuwa amesimama. Nilimupa kamba kwa mikono yote miwili. Aliizungusha, akaitafuta na kidole gumba mpaka upande wa kushoto. Akapata. Alikaa akilipapasa lile fundo, mwanamuke muzima mwenye watoto wake nyuma yake, ninyi mukiwa wadogo, hamuelewi kitu.

«Nililifunga vibaya,» akasema.

«Lilishika,» nikamwambia.

Hapo njo alilia, na alilia siku zote za matanga, kwa sauti ya mutoto, mpaka akamaliza. Halafu akala.

Basi, Furaha, sasa unajua ulitaka kuvaa nini kichwani. Ile kamba imefika, mama yako mwenyewe njo aliitundika kwenye ukuta wangu. Iliyofika haitoke tena. Kofi sikutaki radhi, lakini kuja, nitakupa karanga.

Na mukiendelea na wazimu wenu wa kutembea, sitawafunga miguu, mimi mwenyewe sikufungwa. Twende mutoni tukate maganda, kila mutu aloweke yake, aponde yake, asuke yake. Nitapindua vitunga vyenu mpaka mujue kizito kinakaa wapi. Mama zenu watafunga kitambaa, hata wakifunga vibaya.

Mukirudi mutanikuta hapahapa kwenye baraza. Musione vibaya kama sitaangalia nyuso zenu kwanza.